Masika yamemeza masomo ya wanangu: nisimamishe hadi palizi iishe, au niwarudishe shule?

Mama Watatu, Njoro

Hamjambo nyote. Nimesoma mijadala ya jukwaa hili kwa miaka miwili bila kuandika neno, lakini wiki hii usingizi umenipaa. Naomba ushauri wenu.

Tunakaa nje kidogo ya Njoro, ekari mbili. Kubwa ni mahindi na maharagwe, kuna kipande cha viazi na kingine cha nyasi ya nepia, ng'ombe wawili, mbuzi watano na kuku wa kienyeji. Mume wangu ni fundi wa magari Nakuru mjini. Hurudi Jumamosi jioni, na Jumatatu alfajiri ameshaondoka. Watoto ni watatu: wa kiume ana miaka 11, wa kike 8, na kitinda mimba 4. Nawafundisha mwenyewe nyumbani.

Hatukupanga iwe hivyo. Shule zilipofungwa Machi 2020, mkubwa alikuwa chekechea, nikawa namfundisha mezani jikoni. Zilipofunguliwa Januari 2021 tukamrudisha. Ana kigugumizi. Walimcheka darasani hadi akawa anatapika kila asubuhi kabla ya kuvaa sare. Tulivumilia mwaka mzima, kisha tukamtoa. Niliwahi kufundisha chekechea kabla sijaolewa, nikasema nitaweza.

Na Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu, naweza kweli. Tunaketi saa tatu asubuhi, tunainuka saa sita na nusu, kila mtu na kitabu chake. Tatizo ni masika. Mwaka huu mvua ilishika katikati ya Machi, na mahindi ya huku kwetu kwenye baridi hukaa shambani miezi sita na zaidi, kwa hiyo hupandi utakapo, unapanda mvua itakapo. Hapohapo ng'ombe akazaa, kuku wawili wakaatamia, na magugu yakaanza kushindana na maharagwe. Nimehesabu jana usiku: katika wiki tano, siku tulizosoma kikamilifu ni tisa.

Kinachoniumiza ni mkubwa. Usiku ng'ombe alipozaa ni yeye aliyeniamsha. Alikuwa amemwangalia tangu jioni, akaniambia, "Mama, pale penye shina la mkia pamelegea, ni leo." Akahakikisha ndama amepata maziwa ya kwanza kabla hakujakucha. Asubuhi akamsimulia daktari wa mifugo habari yote, mwanzo hadi mwisho, na hakukwama hata mara moja. Nilisimama mlangoni nikalia.

Jumapili iliyofuata mama mkwe akampa karatasi ya maelezo ya dawa ya minyoo amsomee. Alikwama mstari wa kwanza. Si kigugumizi tu, maneno yenyewe hakuyajua. Mama mkwe hakusema kitu, alinitazama tu.

Sasa: nisimamishe masomo hadi palizi iishe, kisha tukimbize tulichokosa? Au niwalazimishe waketi mezani huku shamba likinipotea? Au nikubali nimeshindwa, niwapeleke shule muhula huu?

Mkulima wa Molo

Dada, pole. Mimi ningesema maliza palizi ya kwanza. Maharagwe yakifunikwa na magugu wiki tatu za mwanzo hayarudi tena, na watoto wanakula kabla ya kusoma. Ukiweza kupata vibarua wawili kwa siku tatu, waweke, utakuwa umejinunulia wiki nzima.

Binti wa Bungoma

Nasema na Mama Watatu kwa heshima, na ninasema kwa sababu yamenikuta. Mimi nilikuwa natolewa shuleni kila msimu wa palizi. Nyumbani walisema ni wiki mbili tu. Wiki mbili za Aprili, mbili za Mei, halafu mavuno. Nilijua kupalilia miwa na mahindi kuliko mtu mzima yeyote pale kwetu, na watu walinisifu sana. Nilifika darasa la saba nasoma kama mtoto wa darasa la pili, nikaacha mwenyewe kwa aibu.

Mtoto kuipenda ng'ombe ni jambo zuri. Lakini keti ujiulize, mama: hizo siku ambazo hamkusoma, mwanao alikuwa anajifunza, au alikuwa kibarua usiyemlipa? Usinijibu mimi.

Jirani, Nakuru

Mimi si wakili, ila hili la sheria lisipitwe. Katiba ya Kenya, Ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule, na asiyefanya hivyo bila sababu anaweza kutozwa faini au kufungwa. Suala la kufundishia nyumbani limeshafikishwa Mahakama Kuu na wazazi wa hapahapa nchini, kwa hiyo usidhani ni jambo la mezani kwako tu. Tafuta wakili akueleze msimamo ulivyo leo.

Na weka kumbukumbu. Tarehe, mlichosoma, madaftari yote, hata yaliyochafuka. Halafu mwanao yuko karibu na umri wa Gredi ya 6. Mtihani wa KPSEA, yaani ule wa taifa wa Gredi ya 6, mtoto husajiliwa kupitia shule, si kupitia mama yake. Anza mapema kutafuta shule itakayokubali kumpokea, usije ukakimbizana na tarehe.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega

Mwanangu, nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, na watoto wangu wa mwezi wa nne niliwajua kwa kucha zao zenye udongo. Wacha niyatenganishe mambo, maana umeyafunga yote kwenye mtumba mmoja.

Kuna masomo yanayoweza kungoja mvua ipite, na kuna yasiyongoja. Sayansi, kilimo, mazingira, hata hesabu kwa sehemu kubwa, shamba lenyewe linafundisha ukiliuliza vizuri. Kusoma hakungoji. Mtoto ambaye bado anakwama, ukimwacha wiki tano, anarudi nyuma. Kwa hiyo kila siku, hata siku ya kupanda, dakika 20 za kusoma. Ishirini tu, lakini zisiguswe na ng'ombe wala mgeni.

Namna ya kusoma nayo ni muhimu kwa huyu wako. Asisome peke yake mbele ya watu. Someni pamoja kwa sauti moja, wewe na yeye, kidole kikitembea chini ya maneno. Wenye kigugumizi wengi hutiririka wanaposoma kwa pamoja au wanapoimba. Akikwama akizungumza, usimmalizie neno, usimwambie apumue kwanza, usimwangalie kwa huruma. Ngoja tu, umtazame kama unavyomtazama mtu mwingine yeyote. Daktari wa mifugo bila shaka alimngoja.

Lakini umesema maneno yenyewe hakuyajua. Hapo tusilaumu kigugumizi wala masika. Mpeleke akapimwe macho. Kisha ulizia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako ilipo EARC, yaani kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu. Huko wanatazama usikivu wa mtoto, usemi wake, na anavyojifunza, kisha wanakuelekeza. Ningalikuwa wewe ningeanzia hapo kabla ya kuamua habari ya shule, kwa maana shule isiyojua shida yake itamrudisha kwenye kutapika.

Hesabu, tumia mvua. Chukua mkebe wenye kingo zilizonyooka, uweke mahali pa wazi, na kila asubuhi apime kwa rula maji yaliyoingia. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Apime paa lenu. Likiwa mita 10 kwa 6, mvua ya milimita 12 imewamwagia lita 720. Muulize zimekwenda wapi na tangi limepata ngapi. Yule wa miaka 8 naye apime nafasi za mahindi, sentimita 75 kwa 25, apige hesabu ya miche katika kipande cha mita 10 kwa 10. Kitinda mimba ahesabu mayai chini ya kuku na kuweka alama ya mkaa ukutani kila siku hadi zifike 21.

Shamba Dogo, Kitale

Nashukuru kwa alichosema mwalimu. Sisi pia tunafundisha nyumbani, watoto wanne, na mwaka wa kwanza masika yalituvunja vilevile. Kilichotusaidia ni kuacha kuigiza kengele ya shule.

Angalia mvua yenyewe inavyonyesha. Kwetu, na nadhani na kwenu Njoro, masika mara nyingi hunyesha kuanzia saa nane au saa tisa alasiri. Asubuhi ni kavu. Wewe unawaketisha mezani saa tatu, ndio saa nzuri pekee ya shamba, kisha mvua ikianza mnajikunyata ndani hamna la kufanya. Sisi tuligeuza. Asubuhi shambani hadi saa tano. Wanaoga miguu, gambuti zinabaki nje, wanakula. Mvua ikianza ndio kengele. Mabati yakipigwa na mvua kubwa hakuna anayemsikia mwenzake, basi huo ni wakati wa kuandika na hesabu, kila mtu kimya. Ikitulia, tunasoma kwa sauti. Siku ambayo mvua haikunyesha tunasoma baada ya kukamua, taa ikiwa imewashwa.

Na nasisitiza neno la Binti wa Bungoma. Sisi tuna kanuni: mtoto anafanya kazi ya nyumba kama mtoto yeyote wa kijijini, lakini jembe la palizi la siku nzima ni la mtu mzima. Ikibidi magugu yabaki, yanabaki. Msimu mmoja tulipoteza maharagwe karibu yote. Niliumia, lakini sijajuta.

Vitabu, usijifilisi. Mitaala ya KICD, taasisi ya serikali ya kukuza mitaala, ipo mtandaoni, na kwenye Kenya Education Cloud kuna masomo ya kutosha bila malipo. Ukienda mjini kwenye mtandao mzuri, pakua uje nayo.

Binti wa Kano, Kisumu

Swali dogo tu: wana marafiki? Mtoto aliyechekwa akafichwa nyumbani hujifunza kuwa watu wote wanacheka. Hata kama ni jirani mmoja wa rika lake, aje aone ndama.

Mama Watatu, Njoro

Nimewasoma wote, mengine mara tatu. Binti wa Bungoma, ulisema nisikujibu, lakini naona vibaya kunyamaza. Nilichukua kalenda. Kati ya zile siku ambazo hatukusoma, siku nane alikuwa na jembe mkononi kuanzia asubuhi hadi nilipoita chakula. Mimi nilikuwa naiita "somo la kilimo" kwenye daftari langu la kumbukumbu. Nimeyafuta maneno hayo. Asante, na pole kwa yaliyokupata.

Nimeongea na mume wangu, tumeuza mbuzi mmoja, vibarua wawili wamemaliza palizi ya kwanza.

Mama Watatu, Njoro

Narudi baada ya majuma mawili, niliwaahidi wengine kwa ujumbe.

Tumegeuza siku kama alivyosema Shamba Dogo. Kitinda mimba sasa akisikia matone mawili juu ya bati anakimbia kuniletea kitabu. Si kila siku inakwenda vizuri. Jumanne ndama aliharisha na hatukufungua chochote ila zile dakika ishirini, na zenyewe tulizisomea zizini. Lakini hazijakosekana hata siku moja. Mkubwa na mimi tunasoma kwa sauti moja. Mwanzo sauti yake ilikuwa inajificha chini ya yangu. Juzi nilipiga chafya, nikanyamaza, yeye akaendelea mistari miwili peke yake kabla hajagundua.

Jirani, nimeongea na mwalimu mkuu wa shule moja ya karibu kuhusu mtihani. Hakukataa, hakukubali, ametaka kumwona mtoto. Binti wa Kano, kuna kijana wa miaka 10 ng'ambo ya kijito. Amekuja mara tatu. Wanajenga kibanda cha vifaranga, mwewe amechukua wanne.

Mwalimu, mkebe wa mvua upo. Pia ameanza daftari lake mwenyewe, sikumwambia. Kila Ijumaa anampima ndama kifua kwa futi ya fundi cherehani na kuandika. Tahajia yake ni mbaya sana. Ameandika "amekuwa mkumbwa" na sikumsahihisha, nilishindwa.

Macho yamepimwa, yako sawa. EARC tumepewa Alhamisi ijayo. Anaogopa, na mimi naogopa zaidi yake. Nibebe nini?

Mwalimu Mstaafu, Kakamega

Beba cheti chake cha kuzaliwa, madaftari yake ya mwaka jana na ya mwaka huu, na karatasi yoyote ya kliniki uliyonayo tangu utotoni. Fikeni mapema, mngoje akiwa ameshiba.

Na hilo daftari la ndama alibebe mwenyewe. Wakimuuliza habari zake, usijibu wewe.