Ukuta una ukungu mweusi, barua inasema tatizo ni mapishi yetu!

Wakuu, leo sina lugha ya kubembeleza. Tunaishi nyumba ya halmashauri huku kaskazini mwa England, na kona ya chumba cha watoto imejaa ukungu mweusi kutoka sakafuni hadi usawa wa dirisha. Nimesugua kwa jiki mpaka rangi imebanduka, unarudi. Juzi nimevuta kabati nikakuta mgongo wake umevimba, na kanzu ya Idi ya mwanangu ina madoa ya kijani kwenye kola. Mdogo wake analala na pampu ya pumu chini ya mto.

Mkaguzi akaja. Hata koti hajavua, anauliza, "Mnapika sana?" Sasa asiyepika anakula nini? Nguo tunaanika wapi, tuko wangapi, madirisha tunafungua? Januari hii, gesi ya bei hii, nifungue dirisha nipashe moto barabara!

Nikakata kipande cha karatasi ya chooni, nikakiweka kwenye feni ya bafuni, ile ya kutoa hewa nje, mbele ya macho yake. Feni nzima huvuta, karatasi hunata. Yangu inapiga kelele nyumba nzima, lakini karatasi ikadondoka kwenye kiatu chake. Akaiangalia, akaandika andika. Barua ilipofika: mpangaji anashauriwa kupunguza mvuke. Feni haikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Mvuke upo kila nyumba yenye watu wanaopumua. Hewa ya joto ikigusa ukuta wa baridi, mvuke wake unageuka maji, na maji yasipokauka ukungu unaota. Ukuta wetu ni wa baridi kwa sababu haukuwekewa chochote cha kuzuia baridi, na hewa haina pa kutokea kwa sababu feni imekufa. Hayo ni ya mwenye nyumba. Sufuria yangu ya pilau haihusiki.

Na msidhani haya ni malalamiko ya wali. Mtoto Awaab Ishak, wa wazazi kutoka Sudan, alifariki Rochdale, mji wa huku kaskazini mwa England, Desemba 2020 akiwa ndiyo kwanza ametimiza miaka miwili. Novemba 2022 uchunguzi wa kifo chake ukathibitisha kwamba ukungu wa nyumbani ndio uliomuua. Baba yake alianza kulalamika 2017, akaambiwa apake rangi juu ya ukungu! Wenye nyumba walidhania hata kwamba familia inaoga kwa ndoo kwa sababu ya ibada zao, ndiyo maana kuna unyevu. Familia ikakana kabisa. Sisi tuliokulia kopo na ndoo tunaijua hiyo dharau inatoka wapi.

Kutokana na kifo hicho ipo Sheria ya Awaab, imeanza tarehe 27 Oktoba 2025 kwa nyumba za halmashauri na za mashirika ya makazi, England. Hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24. Unyevu na ukungu wa kutishia afya uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, upewe matokeo kwa maandishi, na hatari iondolewe ndani ya siku 5 za kazi baada ya uchunguzi. Wakishindwa, wakutafutie pa kukaa kwa gharama yao. Waliopanga kwa watu binafsi bado haijawafikia, poleni.

Kinachoniuma zaidi ni sisi kwa sisi. "Dada, usiwachokoze, watakunyang'anya nyumba." Nani kasema? Mpangaji wa halmashauri hatolewi bila amri ya mahakama, na kudai matengenezo si kosa. Ila kodi msizuie hata mkiwa na hasira kama mimi, maana hapo ndipo mtawapa sababu. Na msiripoti kwa simu peke yake. Kesho atakwambia hakuna kumbukumbu. Andikeni, ambatanisheni picha na barua ya daktari. Malalamiko rasmi yana hatua mbili kwao, halafu unakwenda kwa Housing Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko ya nyumba, bure.

Yangu nimeituma asubuhi hii, sheria nimeitaja kwa jina, na nimeandika wazi kwamba simtaki fundi wa rangi, namtaka wa feni na ukuta. Aliyewahi kuwatoa ofisini kwa barua aiweke hapa tuione, afute jina na anwani.