Naomba ushauri: nataka kuiondoa studio yangu kwenye InDesign

Msanifu wa Uhindini

Wakuu, habari za jioni. Nina studio ndogo ya usanifu hapa Dodoma, maeneo ya Uhindini, pamoja na vijana wanne. Kazi zetu kubwa ni taarifa za mwaka, mipango mkakati na majarida ya taasisi zilizohamia Mtumba, na kazi hizo hufurika kuanzia Aprili, Bunge la bajeti linapoanza. Kwa miaka mingi tumepanga kurasa kwa InDesign, lakini malipo yake ya kila mwezi, tena kwa dola na kwa kila mtumiaji, yananielemea kwa sababu wateja wengi hulipa muda mrefu baada ya kukabidhiwa kazi. Ninafikiria kuhamia Affinity, ambayo tangu Oktoba 2025 inatolewa bure, au Scribus, ambayo haijawahi kuuzwa. Je, ipi kati ya hizo mbili inafaa zaidi kwa kitabu cha kurasa nyingi? Ningeshukuru kupata majibu mapema.

Mpigachapa wa Kizota

Ndugu, sisi kiwandani hatuulizi umetumia programu gani. Tunachotaka ni PDF ambayo fonti zake zimo ndani, picha zake ziko katika rangi nne za uchapaji, na kila ukurasa una ziada ya milimita 3 pembeni kwa ajili ya kisu. Zote mbili ulizotaja zinaweza kutoa PDF ya namna hiyo. Kinachotusumbua ni wasanifu wanaotuletea maandishi madogo meusi yaliyoundwa kwa rangi zote nne, kwa sababu pleti ya rangi moja ikisogea hata kidogo, herufi zinakuwa na kivuli na lawama zinatuangukia sisi. Juzi nimerudisha jarida zima kwa sababu hiyo, na mwenye kazi alinuna kana kwamba mimi ndiye niliyelipanga.

Mama wa Kadi

Mimi hutengeneza kadi za harusi na ratiba za mazishi kwa Microsoft Publisher, na nimesikitika kuona kwamba Microsoft wenyewe wametangaza kuachana nayo Oktoba 2026. Kwa hiyo, kaka yangu, hauko peke yako katika kuhama. Hata hivyo, tangu nianze kazi hii sijapata bwana harusi aliyeniuliza kadi yake imepangwa kwa programu gani. Wote huuliza kwa nini jina la shangazi limekosekana.

Mzee wa PageMaker

Vijana, haya si mapya. Sisi tulianza na PageMaker, iliyotolewa na kampuni ya Aldus mwaka 1985. Adobe wakainunua Aldus mwaka 1994, wakaleta InDesign mwaka 1999, nasi tukahama tukinung'unika. Ninazo hadi leo kazi za PageMaker ambazo hata InDesign ya sasa haizifungui, kwa kuwa uwezo huo uliishia kwenye toleo la CS6. Ndiyo maana swali langu linahusu kazi za zamani. Affinity na Scribus hazifungui faili la INDD, yaani faili la kawaida la InDesign. Zinachoweza kusoma ni IDML, yaani nakala ya kazi iliyo katika muundo ambao programu nyingine huweza kuusoma, na IDML hutolewa na InDesign yenyewe. Je, umeshazitoa?

Msanifu wa Uhindini

Shikamoo mzee. Kazi za zamani ziko salama kwenye diski ya nje, hilo lisikupe shaka. Ningependa turudi kwenye swali langu la Affinity na Scribus.

Mhariri wa Ipagala

Kaka, kuwa salama kwenye diski ni jambo moja na kufunguka ni jambo jingine. Mzee amekuuliza kuhusu IDML nawe umemjibu kuhusu diski. Naomba utujibu mambo mawili: InDesign bado inafunguka hapo ofisini, na akaunti yake imesajiliwa kwa jina la nani?

Msanifu wa Uhindini

Haifunguki. Akaunti ilikuwa kwa jina la msanifu wangu mkuu, aliyeondoka kwenda kufungua ofisi yake, ingawa kadi iliyokuwa ikikatwa ilikuwa ya studio. Sikuona sababu ya kumlipia mtu chombo cha kunishindania wateja, kwa hiyo niliisitisha kadi, nikaiondoa programu kwenye kompyuta zote na kuweka Affinity. Vijana nimeshawatangazia. Ninaamini uamuzi ulikuwa sahihi kibiashara. Kilichobaki ni taarifa moja ya kurasa 180, iliyopangwa nusu, ambayo mteja anaitaka mwisho wa mwezi huu.

Jirani wa Sabasaba

Kumbe swali lilikuwa hili! Mkuu, tafuta toleo lililovunjwa ufuli, umalize kazi, halafu ulifute. Nani atajua?

Mwalimu wa Zamani

Usimpotoshe mwenzako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu, na studio inayoishi kwa kazi za umma haipaswi kupangia taarifa ya umma kwenye kitu cha wizi. Isitoshe, matoleo hayo mara nyingi huja na virusi.

Mwenye Mashaka

Samahanini, mimi siamini hadithi hii. Mwanachama amejiunga leo, ujumbe wake wa kwanza unataja programu ya bure pamoja na mwezi ilioanza kutolewa bure, na kila akibanwa anaturudisha kwenye programu hiyohiyo. Ninahisi kesho ataleta tangazo la mafunzo ya Affinity kwa ada nafuu.

Mama wa Kadi

Kama ni mafunzo, mimi naomba punguzo.

Mpigachapa wa Kizota

Mtu anayeuza mafunzo angesema kila kitu kimefunguka vizuri. Huyu anasema amekwama. Ndugu, tueleze ulipojaribu kuihamisha taarifa hiyo ulikuta nini.

Msanifu wa Uhindini

Sina mafunzo ya kuuza, na tuhuma hiyo imeniumiza. Nilikuwa na PDF ya rasimu niliyomtumia mteja, nikaifungua kwenye Affinity. Kurasa zinaonekana, lakini maandishi yamekatika vipandevipande, mitindo ya vichwa vya habari imepotea, yaliyomo hayafuati tena namba za kurasa, na kila jedwali limegeuka kuwa mistari na maneno yanayoelea. Kijana mmoja amejitolea kupanga upya yote. Mimi naona inawezekana.

Mwenye Mashaka

Hayo ya majedwali ninayajua, yamenikuta. Ninaondoa nusu ya mashaka yangu.

Mhariri wa Ipagala

Kupanga upya kurasa 180 huku mteja akiendelea kuleta masahihisho ni kujitafutia makosa ya namba, na makosa ya namba katika taarifa ya fedha hayasameheki. Fungua akaunti mpya kwa anwani ya barua pepe ya studio, isiwe ya mfanyakazi yeyote. Adobe hutoa siku 7 za majaribio bure, ingawa watakuomba kadi. Katika siku hizo toa IDML ya kila kazi unayodhani mteja atairudia, ukianza na hii taarifa. Ikiwa muda hautatosha kuikamilisha, lipia mwezi mmoja, lakini soma vizuri kabla ya kubofya: mpango wa mwaka unaolipwa kwa mwezi una ada ya kuuvunja mapema, na serikali ya Marekani iliwafungulia Adobe shauri Juni 2024 ikidai kwamba ada hiyo imefichwa. Malizia taarifa hii kwenye InDesign, kisha kazi mpya zote zianzie Affinity. Scribus nayo husoma IDML, ila kwa vijana waliozoea InDesign, Affinity itawachukua muda mfupi zaidi kuizoea. Kumbuka pia kwamba fonti za maktaba ya Adobe hazitakufuata, kwa hiyo teua fonti huria mapema, uangalie kama mistari haijahama.

Msanifu wa Uhindini

Dada, nimekuelewa, ingawa kuwarudisha vijana kwenye programu niliyowaambia tumeachana nayo kunanipa uzito. Nitasema ni kwa kazi hii tu. Nimefungua akaunti mchana huu na taarifa imefunguka, mitindo yote ipo. Tatizo ni kwamba karibu kila picha ina alama nyekundu ya kuulizia. Nadhani zilikuwa kwenye kompyuta mpakato ya yule msanifu.

Mzee wa PageMaker

Kwa kawaida InDesign haiweki picha yenyewe ndani ya faili, huhifadhi njia ya kuifikia tu. Namba yake ya simu unayo?

Msanifu wa Uhindini

Ninayo.