Wana wa Kiwira: zamu za kulala Uyole

JUMAMOSI

[05:41] Tusa: Bwana asifiwe familia. Mwagonile. Naomba kila mtu asome mpaka mwisho, asibandike dole gumba akapita. Dada Subi alipasuliwa Jumatatu, akaruhusiwa Alhamisi, yuko kwake Uyole. Titi la kushoto limetolewa lote pamoja na tezi za kwapani. Ana dreni ubavuni, ule mrija wa kutoa maji ya kidonda kwenda kwenye chupa. Mkono wa kushoto haufiki hata begani. Nyumbani yupo na Lusajo tu. Lusajo ana miaka 17, anapika, anafua, anapima maji ya dreni, Mungu ambariki. Lakini ni mtoto wa kiume, hawezi kumwogesha mama yake. Nataka MWANAMKE WA KULALA PALE kila usiku, wiki mbili. Leo na kesho nalala mimi. Kuanzia keshokutwa nani?

[05:44] Tusa: Jazeni hapa
Jumatatu:
Jumanne:
Jumatano:
Alhamisi:

[06:34] Lusajo: Shikamooni wote. Dreni asubuhi hii ni 70. Jana ilikuwa 95. Jana ilikuwa nyekundu kabisa, leo imepauka kama juisi ya tikiti. Nimemwaga, nimeminya chupa ndiyo nikafunga, kama nesi alivyonionyesha.

[06:52] Mjomba Ambakisye: Marahaba mjukuu. 70 ndiyo kilomita ngapi? Maana kutoka Mbeya hadi huku Tukuyu ni kama hizohizo 😂

[06:53] Wifi Rehema: 😂😂😂 Mjomba jamani

[06:55] Mjomba Ambakisye: Mwambie Subi hiyo dreni imeshafika stendi, bado kupanda tu

[07:01] Wifi Rehema: Mjomba parachichi zimeshuka bei huko? Huku Makambako bado kali

[07:04] Mjomba Ambakisye: Njoo na gunia lako

[07:06] Tusa: JAMANI. Nimeuliza Jumatatu.

[08:20] Atu: Nimetoka zamu ya usiku hapa Iringa ndiyo nasoma. Lusajo, vizuri sana baba. Hizo ni mililita kwa saa 24. Endelea kuandika kwenye daftari, kila siku saa ileile. Ikishuka chini ya 30 siku mbili mfululizo, ndipo huwa wanaitoa. Ikipanda ghafla, au ikawa na usaha au harufu, au mama akapata homa, usisubiri kuuliza kwenye kundi. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

[08:22] Atu: Na nyote: mkono wa kushoto asipimwe presha, asichomwe sindano, asibebe ndoo. Tezi za kwapani ndizo zinazotoa maji kwenye mkono. Zikishaondolewa mkono unaweza kuvimba, hata baada ya miaka. Mtu akimpeleka kliniki amkumbushe anayepima, wenyewe wana wagonjwa wengi.

[08:23] Lusajo: Sawa mama mdogo. Nimeandika kwa kalamu ya alama kwenye kitambaa, nimemfunga mkononi. USIPIME HUU.

[08:25] Atu: Hapo umenifurahisha ❤️

[09:10] *Tusa amemwongeza Mama Sara Jirani*

[09:11] Tusa: Karibu Mama Sara. Huyu ndiye anayemwogesha dada tangu juzi, wala si ndugu yetu. Naomba mlione hilo.

[09:40] Mama Sara Jirani: Asanteni kunipokea. Mama Lusajo tumelala msibani pamoja, tumelima pamoja, hakuna cha kushukuru. Naomba kuuliza, nimkande na maji ya moto kama tunavyokanda wazazi? Naona baridi hii ya Uyole inamuumiza bega.

[09:58] Atu: Hapana mama yangu, usimkande kabisa upande ule. Ngozi ya kifuani na ya chini ya mkono imekufa ganzi baada ya kupasuliwa. Ataungua na asisikie. Mfunike kwa khanga na blanketi, avae shati la vifungo, la mumewe marehemu litamfaa, maana nguo ya kuvalia kichwani hawezi. Kidonda kisiloane mpaka waseme. Mazoezi ya bega afanye yale madogo aliyofundishwa, polepole, asivute kwa nguvu.

[10:02] Mama Sara Jirani: Nashukuru. Maji nilikuwa nimeshabandika. Nitapikia chai.

[10:03] Mama Sara Jirani: Jambo lingine niseme, mnisamehe. Jana waliingia watu 14. Akina mama wa kanisani, halafu wa kikoba, halafu wa mtaa wa juu. Wote kwa upendo. Lakini alikaa kitini tangu saa 8 mpaka saa 12 kwa kuwa aliona aibu kulala mbele za wageni. Walipoondoka alilia.

[10:05] Tusa: Hilo limekwisha. Wageni ni saa 10 hadi saa 11 jioni, wasizidi wanne. Nitazungumza na mama mchungaji mwenyewe.

[12:30] Tusa: Jumatatu bado. Jumanne bado. Nawaona mmesoma, alama za bluu naziona.

[12:31] Tusa: Pia mchango. Kuna nauli za kufunga kidonda, dawa, mayai, maziwa, maharage, ale vizuri kidonda kifunge. Tumeni kwangu. Mimi 50,000. Atu katuma 40,000. Mjomba 20,000. Wifi 15,000. Jumla 125,000.

[13:15] Gwakisa: Zinatumwa kwako tena

[13:16] Tusa: Kaka una maana gani

[13:18] Gwakisa: Mabati

[13:19] Mjomba Ambakisye: Aisee wapwa. Leo mabati tuyaache.

[13:20] Tusa: Kaka Gwakisa risiti za mabati nilizileta Kiwira, nikaziweka mezani mbele yako. Tangu mwaka ule unanitazama kama mwizi. Leo dada kapasuliwa unaleta mabati?

[13:26] Gwakisa: Na mimi nilipolala miezi miwili mguu umening'inizwa kwa kamba, kundi hili lilikuwepo. Nani alichora Jumatatu Jumanne? Nani alipiga hesabu ya mayai? Wewe Tusa ulikuja mara moja, na ulikuwa unaangalia saa.

[13:27] Gwakisa: Subi ndiye aliyekuja. Kila siku, anashuka Mafiati anatembea na hotpoti la ndizi. Mvua ya masika. Kwa hiyo Subi nitamhudumia. Lakini sitatuma kwako. Namtumia Lusajo.

[13:29] Tusa: *Ujumbe huu umefutwa*

[13:30] Tusa: *Ujumbe huu umefutwa*

[13:34] Wifi Rehema: Baba Ombeni, naomba uache.

[15:52] Mama Kiwira: Shikamooni. Ni mimi Ombeni, nashika simu ya bibi. Nilikuwa namsomea meseji, ameniambia nisome zote nisiruke. Sasa anasema niandike anavyosema.

[15:58] Mama Kiwira: Nilizaa sita. Wawili nimewazika, wanne mko humu. Hayo mabati mnayogombania, mimi ndiye ninayelala chini yake, na hayavuji. Anayetaka kuhesabu nani alimfanyia nini, asubiri nizikwe, ahesabu. Subi amekatwa ziwa aliponyonyeshea na mimi sijamwona mpaka leo, mnaniambia bado, bado, ngoja apumzike. Nileteni Uyole. Nitalala naye mimi.

[15:59] Mama Kiwira: Ndiyo mwisho wa maneno ya bibi. Ameingia ndani.

[16:40] Tusa: Ndaga mama. Nimesikia.

[17:15] Gwakisa: Nimesikia mama.

[19:03] Subi: Niko humu jamani. Nasoma yote, naandika kwa mkono mmoja ndiyo maana sijibu.

[19:09] Subi: Mama ninakutamani kuliko dawa. Lakini huku usiku ni baridi na choo kipo nje, nawe una magoti. Gwakisa, Tusa, sina nguvu ya kuwaamulia. Mchana nilisoma mkigombana nikafunga simu nikageukia ukutani. Hapo ukutani kuna alama za chaki, natembeza vidole kupanda juu, nikikomea hapo Lusajo anachora. Zipo pembeni ya zile tulizompimia urefu alipokuwa mdogo. Leo nimefika alipokuwa na miaka 4. Basi nikaamka, nikajaribu tena.

[19:30] Atu: Dada ❤️

[21:12] Mjomba Ambakisye: Subi mwanangu. Usiku mwema.

JUMAPILI

[06:36] Lusajo: Shikamooni. Dreni 45.

[06:40] Mjomba Ambakisye: Marahaba! Hiyo sasa iko Uyole njia panda 😂

[06:41] Lusajo: 😂 babu

[11:50] Mjomba Ambakisye: Sasa nisemeni vibaya lakini niseme. Kuna mzee huku anachemsha mizizi, inakausha kidonda na kutoa sumu yote. Nilete lita tano?

[11:58] Tusa: Mjomba hapana. 2011 nani alitupakiza kwenye Noah mpaka Samunge kule Loliondo? Tulilala kwenye foleni, tukanywa kikombe cha 500, wewe na kisukari chako tukarudi nacho.

[12:01] Mjomba Ambakisye: Ni kweli kilirudi, na kilikaa kiti cha mbele. Haya nimeiacha. Nitaleta maziwa.

[12:20] Atu: Asante mjomba, maziwa yatamsaidia. Niongeze tu: kinyama kimepelekwa maabara, majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Ndiyo yatasema kama kuna dawa za dripu, mionzi, au vidonge vya miaka. Mpaka hapo msimwambie amepona, wala msimtazame kama wa kufa. Na dawa za mitishamba zinaweza kugongana na za dripu, ndiyo maana tunakataa, si dharau.

[14:05] Ipyana Dar: Wakuu salama? Simu ilikuwa mbovu. Kuna nini mbona meseji 80

[14:06] Tusa: Ipyana soma kuanzia juu.

[14:49] Ipyana Dar: Nimesoma. Nimekaa chini. Dada Subi pole sana. Sikujua ni ziwa, niliambiwa ni uvimbe tu.

[14:51] Subi: Nilikataza wasikwambie kwa simu. Ulikuwa unaanza kazi.

[14:58] Ipyana Dar: Akiandikiwa mionzi aje kwangu. Kutoka Mbagala mpaka hospitali ya saratani ya Ocean Road nitampeleka mwenyewe asubuhi. Ila wanachoma Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki na wiki, na mimi nina chumba kimoja. Nitalala kwa rafiki.

[15:02] Tusa: Hilo tutaliongea majibu yakitoka. Sasa nataka Jumatatu.

[16:30] Gwakisa: Mahindi ya Subi kule Inyala yamekaukia shambani, nimepita nimeona. Ng'ombe wa watu wameanza kuingia mstari wa mwisho. Kesho napakua mzigo Tunduma, Jumanne narudi na gari tupu. Navuna, napukuchua, nashusha uani kwake. Asiulizwe hata gunia.

[16:31] Subi: Kaka 😭

[16:33] Gwakisa: Rehema atalala Jumanne. Tumeongea. Watoto watabaki na mama yake.

[16:35] Tusa: Asante kaka. Nakuandika.
Jumatatu:
Jumanne: Wifi Rehema
Jumatano:
Alhamisi:

[16:36] Tusa: Gwakisa, Jumanne ukirudi huwezi kushuka Kiwira kumchukua mama?

[18:10] Tusa: Kaka?

JUMATATU

[06:33] Lusajo: Shikamooni. Dreni 28!!!

[06:34] Mama Sara Jirani: Haleluya

[06:35] Wifi Rehema: Amina 🙏🏾🙏🏾

[06:37] Atu: Chini ya 30, siku ya kwanza. Kesho tuone tena. Lusajo usivute chochote, plasta ikiachia ongeza juu yake. Miadi ya kufunga kidonda ni Jumatano saa 2, mwende na daftari.

[06:50] Mama Sara Jirani: Leo usiku nitalala mimi, mume wangu ameridhia. Mniandike.

[06:51] Tusa: Mama Sara sina cha kukulipa.

[07:15] Mama Kiwira: Ni Ombeni. Bibi ameamka saa 10 amefunga blanketi, ndizi na kuku mmoja. Amekaa nje amevaa koti. Anauliza gari ni la saa ngapi.

[07:16] Tusa: Ombeni mwambie bado hatujapanga, arudi ndani kuna baridi.

[07:19] Mama Kiwira: Nimemwambia. Amesema hajauliza kama mmepanga.

[07:22] Subi: Nani yuko karibu na Kiwira leo

[07:40] Mjomba Ambakisye: Mimi naweza kushuka, ila gari la maziwa linatoka saa 7 na limejaa madumu. Dada yangu atakaa mbele nami nikae na madumu. Sijajua kama dereva atakubali.

[07:41] Tusa: Muulize sasa hivi. Na Jumatano usiku bado haina mtu.

[09:26] Tusa: Jumatano?