Wanaorudi Masisi: mbegu kwanza au mabati?

Mratibu_Goma: Wakuu, kaya zilizokimbia makwao zinarudi Masisi, Kivu Kaskazini nchini Kongo, na bajeti ni finyu. Tuanze na nini, mbegu au mabati ya nyumba?

BwanaShamba: Mbegu. Msimu A, ule wa kwanza wa kupanda, huanza Septemba. Ukikosa, ni hadi Februari. Maharage mafupi: sentimita 40 kwa 20, punje mbili kila shimo, kilo 8 hadi 10 za mbegu kwa ari 10 (mita za mraba 1,000). Gaweni na chakula siku hiyohiyo, la sivyo mbegu itaishia chunguni, hata iliyopakwa dawa. Hiyo yenye dawa ni sumu ikiliwa.

Mama_Mipaka: Polepole, kaka. Shamba linalimwa na nani sasa? Chifu na majirani wa pande zote wahakiki mpaka, waandikishane. Aliyepanda aachwe avune kwanza.

BwanaShamba: Sawa, dada. Mihogo nayo: msichukue pingili kwenye shina lenye majani yaliyokunjamana na mabaka ya njano. Huo ni ugonjwa wa batobato.