Mchapishaji anataka riwaya ya wanafunzi wetu wa Kigoma iishie kwa kupanda miti. Nimekataa

Wakuu, salaam.

Ripoti ya mchapishaji nimeipokea, nimeisoma, nimelala nayo, nimeamka nayo, na hasira bado iko palepale. Naileta hapa ili wazazi na walimu wenzangu wajue vitabu vya watoto wetu vinavyopikwa kabla havijafika darasani.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kigoma, nafundisha Baiolojia na Jiografia. Baada ya vipindi nasimamia klabu ya uandishi. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu na cha nne wameandika riwaya fupi ya kisayansi inayotokea Ziwa Tanganyika mwaka 2091. Mchapishaji mmoja alikuwa ametangaza anatafuta hadithi za vijana zenye ubunifu wa kisayansi na ujumbe wa mazingira. Tukatuma muswada. Majibu yamerudi na masharti kurasa kadhaa. Jina lake silitaji, na tafadhali msinifuate pembeni kuliuliza.

Niwape hadithi kwanza, maana bila hiyo hamtaelewa kinachoniuma.

Kuna binti wa miaka 16, anaishi kijiji cha Katonga. Uso wa ziwa umepata joto kiasi kwamba maji ya juu na ya chini hayachanganyiki tena. Dagaa wamekwisha, migebuka imekwisha, vichanja vya kuanikia dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi vimebaki vitupu. Inakuja kampuni na mradi mkubwa: bomba refu la kuvuta maji ya kilindini, ambako virutubisho vimelala bila kazi, yaletwe juu ziwa lipate chakula upya. Nchi zote nne, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zimeshasaini. Baba wa yule binti, mvuvi aliyekosa cha kuvua, ameajiriwa kwenye mradi huohuo. Binti naye ni kibarua wa kupima maji. Katika vipimo vyake anaona kuwa wakiwasha pampu kwa kasi waliyopanga, yatakayopanda si virutubisho peke yake. Yatapanda maji yasiyo na oksijeni, yenye haidrojeni salfaidi, ile gesi ya kunuka yai viza, na samaki wachache waliobaki watakufa. Sasa afanye nini? Akisema, baba anakosa kazi na mji mzima unamchukia. Akinyamaza, ziwa linakufa.

Hiyo wameiandika watoto. Mimi sikuwapa. Nilichofanya mimi ni kufundisha mada ya maziwa.

Nilipofundisha, kijana mmoja aliamua kuchora ziwa kwa vipimo sahihi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi pale penye kina kikubwa, la pili duniani, na sakafu yake iko chini kabisa ya usawa wa bahari. Akachukua sentimita moja kwa mita kumi, ikabidi aunganishe karatasi za manila kwa gundi hadi zikafika sentimita 147, akazibandika ukutani wima. Kisha akapaka buluu sehemu yenye oksijeni. Huku kwetu kaskazini oksijeni inaishia karibu mita 100, kusini inashuka zaidi kidogo. Kwenye karatasi ilikuwa sentimita kumi. Kiganja cha mtoto kinaifunika. Sehemu nyingine yote hadi chini aliiacha nyeupe, maana huko samaki haishi. Darasa likaanza kubishana palepale. Mmoja akauliza kwa nini maji ya chini hayapandi. Mwingine akauliza je, tukiyapandisha? Riwaya ilizaliwa hapo, kwenye swali hilo la pili.

Sasa sikilizeni ripoti inasemaje. Sharti la kwanza: habari ya ziwa lenye maji yasiyo na hewa iondolewe, kwa kuwa ni jambo lisiloaminika na litamchanganya msomaji kijana.

Wakuu, hilo ndilo jambo pekee katika kitabu kizima ambalo halikubuniwa! Ni ziwa lenyewe lilivyo leo, si mwaka 2091. Maji ya juu yana joto, ni mepesi. Ya chini ni ya baridi kidogo, ni mazito. Tofauti yake ni nyuzijoto chache tu, lakini katika maji ya kina hiki inatosha kuyatenganisha, yakakaa kama mafuta ya mawese juu ya mchuzi. Upepo wa kiangazi unaotoka kusini ndio unaosukuma maji ya juu, tabaka zikainama, virutubisho kidogo vikapanda. Vijimea vya majini vinakula hivyo, wadudu wadogo wa majini wanakula vijimea, dagaa wanakula wadudu, migebuka wanakula dagaa, sisi tunakula wote. Uso wa ziwa ukizidi kupata joto, upepo unashindwa kazi hiyo. Mwaka 2003 wanasayansi walichapisha utafiti wao katika jarida la Nature, wakakadiria kuwa uzalishaji wa vijimea katika ziwa hili umepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba mavuno ya samaki yanaweza kuwa yamepungua kwa asilimia 30 hivi kwa sababu hiyo. Kama huyo aliyesoma muswada hakuwahi kusikia, angeuliza. Ana simu, ana intaneti, na sisi tuliacha namba. Badala yake akaandika haiaminiki, akapiga mstari mwekundu juu ya kazi ya watoto wanaoishi juu ya maji hayohayo.

Sharti la pili ndilo lililonifanya niache kula. Baba wa binti abadilishwe. Asiwe mfanyakazi wa mradi. Awe mvuvi haramu anayetumia kokoro, ule wavu wa kukokota hadi ufukweni, na nyavu za macho madogo, akamatwe, atubu mbele ya mkutano wa kijiji, aahidi kutunza mazingira.

Kokoro lipo. Nyavu haramu zipo, na sitaki mtu aje hapa kuniambia natetea uvuvi haramu. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa upande wetu kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na mimi darasani nilieleza kwa nini kufunga kuna maana. Lakini nilikuwa naeleza kwa watoto ambao baba zao walikuwa wamekaa nyumbani na mitumbwi imepinduliwa ufukweni. Walielewa. Waliuliza maswali mazuri kuliko niliyoyasikia kwenye semina nyingi. Mmoja aliuliza: tukifunga miezi mitatu samaki wanazaliana, lakini joto la maji linafungwa na nani? Hilo swali limo kwenye kitabu, sura ya nne, na limekatwa. Kwa nini likatwe? Kwa sababu likibaki, lawama inatoka kwa mvuvi na karabai yake, inakwenda kwa wenye viwanda na mitambo ya makaa ya mawe huko mbali ambao hawajawahi kuliona ziwa hili. Mchapishaji anataka mkosaji awe karibu, awe maskini, na atubu kabla ya ukurasa wa mwisho.

Na hili si la Kigoma tu. Mwalimu mwenzangu wa Tabora, upande wa Urambo, alikuwa na hadithi ya wanafunzi wake kuhusu nyuki wa mashine wanaotengenezwa baada ya miombo kuisha na nyuki wa kweli kukimbia. Hadithi ilisema wazi miti ilikwenda wapi: kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, ambayo yanakula kuni msimu hadi msimu. Mchapishaji mwingine kabisa, lakini ombi lilelile. Ondoa tumbaku. Weka mama anayekata kuni za kupikia, aelimishwe. Yule mama anabeba mzigo mmoja kichwani! Bani moja linachoma kiasi gani? Mtoto wa Urambo anajua jibu, kwa sababu yeye ndiye anayeamka usiku kuchochea moto.

Masharti mengine nitayapitia haraka. Kijiji kisiitwe Katonga, kipewe jina la mfano. Wanataka aongezwe sokwe anayeongea, kwa kuwa Kigoma inajulikana kwa sokwe. Hapo nilisimama nikatoka nje. Pale Gombe tangu 1960, Jane Goodall alipofika, watu wamekuwa wakikaa kimya porini wakiangalia na kuandika, na ndivyo dunia ilivyojua kuwa sokwe anachukua kijiti akakitengeneza, akachokolea mchwa kwenye kichuguu. Umakini huo ndio nimekuwa nikiwafundisha watoto: angalia, pima, andika. Halafu mtu mzima anawaambia waweke sokwe anayetoa hotuba.

Hata meli imekataliwa. Katika riwaya, maabara ya binti imo ndani ya bodi la Liemba, limefungwa betri na paneli za jua. Ripoti inasema meli ya mwaka 1913 kuwepo 2091 ni kupitiliza. Hebu fikirieni. Meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikaletwa hadi Kigoma, ikaunganishwa upya, ikashushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isichukuliwe na adui. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Meli iliyokaa chini ya maji miaka minane ikafufuka, wewe unaona ajabu ikifungwa betri? Na ziwa lenyewe limewahi kufanya makubwa. Miaka ya 1870 maji yalipanda hadi yakabomoa kizuizi cha mchanga na matope kwenye mto Lukuga, upande wa Kongo, kisha yakashuka kwa mita nyingi. Nenda Ujiji kwenye mnara wa Livingstone, uone maji yalivyo mbali na pale palipokuwa ufukwe wakati wake. Kisha 2020 na 2021 maji yakarudi juu, yakala nyumba za mwambao. Watoto wetu wamekulia kwenye ziwa linalotembea. Kuwaza lifanyeje miaka sabini ijayo ni kitu cha kawaida kwao.

Na sasa mwisho wa kitabu. Watoto waligombana sana juu ya mwisho. Kuna waliotaka bomba lilipuliwe. Kuna waliotaka binti ashinde kesi. Waliokubaliana nao ni huu: pampu inawashwa kwa kasi ndogo sana kwa majaribio, binti ndiye anayeshika vipimo, na kitabu kinakwisha akiwa hajui kama itafaulu, baba yake yuko upande wa pili wa mtambo akisubiri amwambie afunge au afungue koki. Nawaambia kweli, sijasoma mwisho mzuri kama huo katika vitabu vyote vya mazingira tulivyoletewa maktaba.

Mchapishaji anataka waje viongozi, wananchi wapande miti elfu moja kando ya ziwa, watoto waimbe wimbo.

Kupanda miti ni kazi njema na klabu yetu inapanda. Vilima vya huku vikiachwa wazi, mvua inashusha udongo ziwani, mawe ya pwani yanafunikwa na matope, na samaki wanaoishi kwenye mawe wanakosa makazi. Hiyo nafundisha. Ila mti wa Katonga haupozi ziwa lenye urefu wa kilomita 670 na zaidi. Ukimwambia kijana kuwa unapoza, umemdanganya, na akikua akajua, hatakuamini tena wewe wala kitabu chochote cha mazingira.

NYONGEZA baada ya kusoma maoni yenu:

Mkuu uliyesema tukubali tu kitabu kitoke, mengine tutarekebisha toleo la pili: niliwauliza wanafunzi hivyohivyo, bila kuwashawishi. Walipiga kura, wakakataa. Aliyeandika sura ya baba ni mtoto wa mvuvi. Unataka nimwambie aandike baba yake ni mhalifu ili apate jina kwenye jalada?

Dada uliyesema kidato cha tatu hawawezi kuelewa tabaka za maji: watoto hawa wanajua mbalamwezi ikiwaka wavuvi hawaendi kuvua, wanajua dagaa hupanda usiku na kushuka mchana, wanajua mwezi gani upepo unageuka. Kinachobaki ni kuwapa majina ya vitu wanavyovijua tayari.

Na aliyeuliza kama tumeshajibu, ndiyo. Barua imekwenda: tunauondoa muswada, hatubadilishi ziwa, hatubadilishi baba, hatubadilishi mwisho. Tumeomba nakala yetu yenye michoro irudishwe, hasa ule mchoro wa kina cha ziwa, maana walibaki nao na ndio halisi.

Ninachohitaji kwenu sasa ni mambo mawili. Mwenye kumjua mchapishaji anayepokea riwaya za vijana za Kiswahili na aliye tayari kumpa msomaji wa sayansi muswada kabla ya kuukata, aweke jina lake hapa chini. Na kama kuna mtaalamu wa maziwa humu, tunaomba asome sura ya sita, pale binti anapokokotoa kasi ya pampu. Tunataka hesabu ile iwe sahihi kabla haijachapwa popote.