Re: Re: Supa viza ya mama imekataliwa – bima je?

Binti Mvita, Edmonton
Assalaam aleikum jamaa. Supa viza ya mama, ile ya wazazi kuja kukaa nasi Kanada muda mrefu, imerudi na barua ya aya moja, eti hawaamini atarudi Mombasa. Mama ana nyumba, wajukuu sita na mbuzi, asirudi kwa nini? Kiwango cha kipato wanachotaka kwa mwenyeji (LICO) nimepita, bima ya dola 100,000 nimeilipia mwaka mzima. Swali langu ni moja: nikiomba upya, bima ile ile itafaa au ninunue nyingine?

Mzee wa Scarborough
Pole binti yangu. Usiombe upya, nenda JR, mahakama iupitie uamuzi wao. Jaji Jamal alishawabana kwenye kesi ya Vavilov, lazima watoe sababu. Tena ni mtu wetu yule, kafukuzwa na Amin.

Wakili Nusu, Ottawa
Shikamoo mzee, lakini hapo umechanganya mambo. Vavilov ni Desemba 2019, Mahmud Jamal ndiyo kwanza ana miezi michache Mahakama ya Rufaa ya Ontario. Mahakama ya Juu ya Kanada kaingia Julai 2021, jaji wa kwanza asiye Mzungu tangu ianzishwe 1875. Unayoitaka ni kesi ya Mason, 2023. Ile ndiyo aliyoandika yeye: ukinyamazia hoja kuu uliyowekewa mezani, uamuzi wako hausimami. Na Amin haingii hapa. Jamal kazaliwa Nairobi 1967 kwa wazazi Waismailia, wakahamia Uingereza 1969, Edmonton wakafika 1981.

Kaka wa Montreal
Edmonton kwa Binti Mvita hapo hapo! Mwenzetu kasoma sheria McGill, akaenda Yale, akasimama mbele ya Mahakama ya Juu kwenye rufaa 35 akiwa wakili, na bado akapata nafasi ya kufundisha sheria ya utawala chuo cha sheria cha Osgoode. Somo hilo hilo kwenye NCA, mitihani ya sisi tuliosomea sheria nje, limeniangusha mara mbili. Digrii yangu ya Nairobi imebaki kupamba ukuta, nami naendesha lori.

Mama Zanzibari, Calgary
Mwamtafuta jaji huku siku 15 za JR zayoyoma!

Wakili Nusu, Ottawa
Dada, 15 ni kwa uamuzi uliotolewa ndani ya Kanada. Wa nje ni 60. Aombe GCMS, yaani maelezo ya afisa kwenye faili, leo hii, mama atie sahihi fomu ya ridhaa IMM 5744.

Mzee wa Scarborough
Sawa, Amin nimekosea. Ila huyo "mwenzetu" mwaka aliozaliwa ndio bunge letu la Kenya lilipitisha sheria ya leseni za biashara, Wahindi wasio raia wakabanwa. Duka tulilokuwa tukinunua mafuta ya taa lilifungwa, nikaambiwa wameenda Leicester. Hakuna aliyewasindikiza. Leo kavaa joho la jaji, tunagombania kitovu chake.

Kaka wa Montreal
Mzee, siasa za 1967 tuachie.

Mzee wa Scarborough
Wewe ulikuwa hujazaliwa.

Binti Mvita, Edmonton
Asanteni nyote. Mama kapiga simu, anauliza mbuzi auze au angoje. Na bima je?