Umewahi kuulizwa maoni na watu wa utafiti? Tupeane uzoefu

MkaaBaraza
Asalaam alaykum wana jamvi. Jana baada ya alasiri nimekaa barazani Kikwajuni na kahawa yangu, kaja kijana na bibie mmoja, kishikwambi mkononi, nyuma yao msaidizi wa sheha, yule kiongozi wa serikali mtaani. Wakanambia nyumba yangu imetoka kwa bahati nasibu. Mie tangu nizaliwe sijatokewa na bahati nasibu hata ya jogoo. Nikawakaribisha.

Saa nzima na robo! Uchumi wa nchi vipi, wa kwangu vipi, maji, umeme, naamini polisi kiasi gani, nimewahi kutoa chochote hospitali ili nihudumiwe, jirani akiwa wa dini nyengine nitachukia au nitafurahi. Na msaidizi wa sheha kakaa pale pale, anakunywa kahawa yangu. Sasa nyie mwajua. Kila swali "nzuri", "nzuri sana", "naridhika". Maji siku ya nne hayajatoka, ndoo zimepangwa mlangoni, bibie anaziona kwa macho yake, nami namwambia maji hayana tabu.

Swali la mwisho ndilo lililonimaliza. "Unadhani nani ametutuma kufanya mahojiano haya?" Nikamtazama msaidizi wa sheha, nae akanitazama. Nikasema: "Mmetumwa na kheri."

Usiku sijalala. Na nyinyi yamewakuta?

Dodo la Mtoni
Hahahaa "mmetumwa na kheri". Hilo wameliandika wapi?

Karani wa Zamani
Kwenye "jibu jengine, litaje". Nimefanya udadisi miaka mingi, Unguja na Pemba, hilo swali nalijua. Utafiti wa Afrobarometer, ule wa maoni unaofanywa nchi nyingi za Afrika, unalo mwisho kabisa, na si mtego. Wanataka kujua ulikuwa ukimjibu nani kichwani mwako. Unamsomea mtu mwanzo kabisa kwamba hatutoki serikalini, anaitikia, akifika mwisho anakwambia "serikali".

Na huyo msaidizi alitakiwa aombwe kwa adabu akae mbali. Lakini usihuzunike, dodoso lina sehemu anajaza mdadisi mwenyewe baadae: kulikuwa na mtu mwengine anasikiliza? Kwa hiyo "nzuri sana" zako zimeandikwa pamoja na mnywa kahawa wako.

Pweza Mkavu
Ina maana na mie nilivyojibu mbele ya mama mkwe wameandika?

Karani wa Zamani
Wameandika.

Pweza Mkavu
Alhamdulillah.

Binti wa Wete
Mada hii imenikumbusha bibi yangu wa Konde, Mungu amrehemu. Alikuja kijana mgeni, mpole, akasema "bibi tumekuja kwa ajili ya kura ya maoni". Bibi kanyanyuka bila kusema neno, kaingia ndani. Tunasubiri. Katoka kavaa buibui, kashika kitambulisho cha kupigia kura, kamnyooshea kidole yule kijana atiwe wino!

Kwake yeye kura ya maoni ni ile ya Julai 31, 2010, ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Alipanga foleni tangu alfajiri. Kijana akamwambia hapana bibi, hii ni maswali tu. Bibi akauliza, "Kwani ile mmeipoteza?" Alikuwa amekasirika kweli. Mahojiano hayakufanyika, akamtia mkate wa kumimina kwenye mfuko akamwambia aende kwa salama.

Kisiwa Panza
Kura za "ndio" siku ile zilikuwa asilimia 66.4. Bibi ana haki ya kuuliza zimekwenda wapi 😀

MkaaBaraza
Mada ya uchaguzi ikae pembeni tafadhali, tusifungiwe.

Dodo la Mtoni
Kwetu tukisikia kura za maoni tunajua chama kinachuja wagombea. Mzee wangu angeuliza posho iko wapi.

Karani wa Zamani
Ndio maana mie vijana wangu niliwapiga marufuku neno hilo. Sema "utafiti wa maoni". Hata hilo mtu anadhani ni la maabara, lakini angalau haendi kuvaa buibui.

Mzizi wa Mkarafuu
Mtambwe walikuja wakamuuliza ami yangu ana mikarafuu mingapi. Akauliza: ya eka za serikali au ya urithi? Yote. Akajibu, "Iliyo hai au iliyo kufani?" Wakaenda hivyo mpaka adhana ya magharibi. Karatasini imo miwili. Msimu ule aliweka wachumaji kumi na moja.

Ukwaju
Na watoto je? Mama yangu hajawahi kumwambia mtu yeyote idadi ya watoto wake. "Wapo, wanacheza." Mdadisi akasubiri warudi mmoja mmoja kula ili awahesabu. Mama akawapakulia uani, mlango wa nyuma.

Fundi Cherehani
Mie langu ni la simu na lilitaka kunivunjia nyumba. Kaeni vizuri.

Wakati wa corona kulikuwa na utafiti wa kupigiwa simu, kila baada ya wiki kadhaa. Namba yangu waliichukua siku za nyuma walipokuja nyumbani, hapa Chake. Anaenipigia ni dada mmoja, Kiswahili cha bara, sauti asali tupu. "Habari za leo kaka, ni mimi tena, una nafasi ya dakika ishirini?" Tukimaliza ananitumia vocha. Mama watoto nilimwambia? Sikumwambia. Kwa nini? Nisiwafiche, kwa sababu ya vocha.

Siku hiyo niko chooni naoga. Simu inalia, mke wangu kapokea. Nasikia "Wewe nani?" Halafu kimya. Halafu "Mazungumzo gani?" Nikatoka na povu kichwani. Kumbe yule dada, masikini, kiapo cha siri kimemkaa. Kamwambia mke wangu hivi, neno kwa neno: "Samahani dada, mazungumzo yangu na kaka ni ya siri, siwezi kukueleza, ila yeye ananijua."

Yeye ananijua!

Jioni ile ile mke yuko kwao Vitongoji na watoto wote. Siku ya tatu nikamchukua ami yangu tukaenda kutafuta suluhu. Mkwe wangu ni mwalimu wa chuo cha Qur'ani, hacheki. Nikaeleza: utafiti, uchumi, corona, wananipigia kuniuliza nimekula nini. Mkwe akasema, "Mwanamke anakupigia kutoka Dar es Salaam kukuuliza umekula nini." Nikaona mwenyewe inavyosikika.

Akasema mpigie. Nikapiga, namba ile haipokei, ya ofisini. Hapo ndio nikazama kabisa. Lakini ilikuwa nshapangiwa Jumamosi saa nne asubuhi. Mkwe akasema na tuisubiri hiyo Jumamosi.

Jumamosi tukakaa mkekani: mkwe, ami, mke wangu kanipa mgongo, shemeji zangu wawili ambao hawakuitwa. Simu katikati kama maiti inasubiri kusaliwa. Saa nne na dakika tatu ikalia. Nikaweka sauti ya nje.

"Habari kaka. Uko peke yako, mahali unapoweza kuzungumza kwa uhuru?"

Mkwe kanitikisia kichwa nikubali. Nikasema, "Niko peke yangu."

Akasoma maneno yake ya ridhaa, ushiriki ni wa hiari na kadhalika, mkwe akaanza kulegea kidogo. Kisha: "Katika siku 30 zilizopita, kuna wakati ulikula vyakula vya aina chache tu kwa sababu ya kukosa pesa?" Mbele ya baba wa mke! Nikasema hapana. "Kuna siku ulikaa na njaa ukakosa kula kwa sababu hakukuwa na pesa?" Hapana. "Kuna siku mlishinda kutwa nzima bila kula?" Nikasema HAPANA kwa sauti ya kiume. Mama mkwe kapiga ukelele huko jikoni: "Mwongo! Juzi wajukuu wamekuja hapa wanakula kama nzige!"

"Kaka, kuna mtu hapo?"

"Redio."

Tukaendelea hivyo hivyo, jasho linanitoka, mpaka mwisho. Nikajua nimevuka salama. Ndipo akasema, "Ahsante sana kaka, nakutumia vocha yako kama kawaida."

Mke wangu kageuka. Mara ya kwanza tangu nifike. "Kama kawaida? Tangu lini? Ya shilingi ngapi?"

Shitaka la mwanamke likafutwa papo hapo, likafunguliwa la vocha. Mkwe akahukumu nilipe zote za nyuma. Na mke wangu akasharutisha kuwa kuanzia mwezi ule anaeulizwa ni yeye, dada akasema haiwezekani, mjibuji ni yule yule. Basi nikawa najibu mie, vocha inakwenda kwake.

Ukwaju
REDIO hahahaaaa. Nimemwaga chai.

Pweza Mkavu
Fundi, mke hakukosa lakini kupokea simu ya mume ni kutafuta maradhi.

Binti wa Wete
Maradhi gani? Simu inalia, mtu yuko chooni, aiache iite mpaka majirani waje? Wewe ya kwako umeifunga na nini, Pweza?

Pweza Mkavu
Yangu haina neno.

Binti wa Wete
Basi iache mezani leo, tuone kama haina neno.

Dodo la Mtoni
Ushauri wa bure: namba za watu hao zihifadhi kwa jina "Utafiti".

Ukwaju
Mume wangu akiwa na mtu anaitwa Utafiti nitamtafiti yeye.

MkaaBaraza
Jamani mada yangu... na ile "mmetumwa na kheri" bado inanikereketa.

Kisiwa Panza
Mie nauliza jambo jengine. Hizi tafiti zinazotangazwa redioni, "Watanzania wanasema hivi", sisi tumo? Sauti za Wananchi, utafiti wa simu wa shirika la Twaweza, wenyewe waliandika kuwa matokeo yao ya 2015 ni ya Tanzania Bara, Zanzibar haimo. Mwaka huo, kabla ya uchaguzi wa rais, walisema Magufuli asilimia 65, Lowassa 25, nchi nzima ikabishana barabarani. Kura zilipohesabiwa ikawa 58 kwa karibu 40. Ubishi wote ule sisi tulikuwa watazamaji.

Karani wa Zamani
Walihoji kabla ya kampeni kumalizika, watu hubadilika. Na si kweli kuwa hakuna utafiti unaovuka maji, mimi mwenyewe nimevuka na maboya nimevaa.

Kisiwa Panza
Sawa, mmevuka. Mmehoji wangapi? Sensa ya 2022: Tanzania watu 61,741,120. Zanzibar 1,889,773. Pemba 543,441. Chukua utafiti wa watu 2,400, gawa kwa uwiano. Zanzibar inapata watu 73 hivi. Pemba 21. Watu 21 hawajai dau moja la Kojani, nao ndio "maoni ya Pemba".

Karani wa Zamani
Hakuna mtafiti wa maana anaesema 21 ni maoni ya Pemba. Kwa watu 2,400 matokeo yanaweza kukosea kama asilimia 2 juu na chini, kwa nchi nzima. Ukiwatenga 73 peke yao kosa linafika 11 au 12, kwa hiyo hawatengwi, ila wakiongezwa makusudi. Ukionja mchuzi hunywi sufuria nzima, kijiko kimoja kinatosha.

Kisiwa Panza
Mchuzi ndio. Huu ni urojo, shekhe. Chota kijiko cha juu upate ukwaju na embe, useme urojo hauna kachori. Kachori iko chini.

Karani wa Zamani
Ndio maana unakoroga kwanza! Kukoroga ndio hiyo bahati nasibu. Huchagui nyumba yenye baraza nzuri. Unaanza pahala ulipopangiwa, unahesabu nyumba, ya tano upande wa kulia, kisha ya kumi kushoto, ukifika ndani unachagua mtu kwa karata, zamu ya mwanamke na zamu ya mwanamme. Niulizeni mimi nilivyohesabu milango ya majumba ya Michenzani. Nilipotea ghorofa ya nne nikatokea kwenye harusi.

Mzizi wa Mkarafuu
Na karata ikimwangukia mke, mume anakubali?

Karani wa Zamani
Hapo ndipo kazi ilipo. Mume anasema "mimi ndie mkuu wa kaya, niulize mimi". Au anaruhusu, lakini anakaa hatua mbili nyuma ya pazia. Halafu nifike kwenye swali kama mume ana haki ya kumpiga mkewe. Nimeona mwanamke anajibu kwa mdomo "ana haki", mkono chini ya mkeka unanambia hapana.

Binti wa Wete
Ukaandika lipi?

Karani wa Zamani
La mdomo. Sheria ndivyo ilivyo. Mpaka leo naukumbuka ule mkono.

Dodo la Mtoni
Mie wakija nitasema "sijui" kila swali, wachoke waondoke.

Karani wa Zamani
"Sijui" lina namba yake, 9. Hatuchoki, tunaandika 9 mpaka mwisho.

Ukwaju
Waulizeni kitambulisho na barua ya kibali kwanza. Msifungue milango kwa kila mwenye kishikwambi.

Pweza Mkavu
Mie nawapa kahawa na tende. Akishashiba maswali hupungua.

MkaaBaraza
Jamani nimerudi. Nimepigiwa simu sasa hivi na msimamizi wao, anahakiki kama kweli vijana wake walifika nyumbani kwangu. Kaniuliza walikuwa na adabu, walichukua muda gani. Nikaona hii ndio nafasi, niko peke yangu, hakuna sheha hakuna msaidizi, nimweleze na la maji. Akaniuliza, "Una lolote la kuongeza?"

Binti wa Wete
Enhe?

MkaaBaraza
Nikasema nzuri sana.